Somo: Kumfundisha kijana mwenye skoliosi kupata usawa wa mwili

Hamjambo nyote. Juma lililopita mama mmoja wa hapa Mombasa alimleta binti yake wa miaka 13 ninapofanyia kazi ya fiziotherapia. Nikamwambia binti afumbe macho, asimame wima. Akasimama, bega la kulia liko juu na kiwiliwili kimeelemea upande. Mama akamshika mabega akamnyoosha. Binti, macho bado kayafumba, akasema: "Mama, sasa ndiyo umenipinda."

Nimeandika somo hili kwa sababu ya maneno hayo. Katika skoliosi uti wa mgongo hupinda kwenda upande na pingili hujizungusha; mpindo ukifika pembe ya nyuzi 10 kwenye eksirei ndipo huitwa jina hilo. Huwapata vijana 2 au 3 kati ya 100, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Mwili nao hujua umesimamaje kwa macho, kwa sikio la ndani, na kwa hisia za misuli, viungo na nyayo. Vijana wengi wenye skoliosi wakifumba macho huyumba kuliko wenzao. Mwili umezoea upogo ukauhesabu kuwa wima. Basi kumfokea "simama vizuri!" kila saa ni kumwonea, maana yeye anajiona kasimama vizuri.

Niseme mapema: mazoezi haya hayanyooshi mfupa. Yanaufundisha mwili kuitafuta katikati yake.

Hatua ya 1: Mtazame kwanza. Ainame mbele polepole, magoti yamenyooka, viganja vimekutana. Keti nyuma yake. Ukiona mbavu za upande mmoja zimeinuka, nendeni hospitali kabla ya zoezi lolote.

Hatua ya 2: Kona ya chumba. Asimame bila viatu, kuta mbili nyuma yake, kiti mbele. Miguu pamoja, macho wazi, sekunde 30. Kisha afumbe macho sekunde 30. Kaa karibu mikono ikiwa tayari, lakini usimguse. Ukimshika, mikono yako ndiyo itakayofanya kazi ya nyayo zake.

Hatua ya 3: Timazi. Hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Fundi wa ukuta hutumia timazi, nasi tutatumia uzi na kufuli. Uning'inize mbele ya kioo kirefu. Kijana ajipange mpaka pua, kitovu na nafasi kati ya miguu vifuate uzi. Afumbe macho, avute pumzi 3 taratibu, afumbue, aangalie ameelekea wapi. Arudi mwenyewe kwenye uzi. Mara 5. Siku za mwanzo atalalamika kwamba katikati anaihisi kama upande, na hapo ndipo mwili unapoanza kujifunza. Usimsahihishe kwa mkono. Pia usimbunie namna ya kujipinda upande wa pili. Mipindo hutofautiana, na mwelekeo huo aonyeshwe na mtaalamu aliyeiona eksirei yake.

Hatua ya 4: Mguu mmoja. Sekunde 10 kila mguu, mkianza na ule mgumu, hadi afike 30. Akiweza, asimame juu ya kipande cha godoro la sponji.

Hatua ya 5: Mchanga. Maji yakipwa, mpeleke Bamburi au Nyali atembee pekupeku dakika 10, kwanza kwenye mchanga mbichi ulioshikana, halafu kwenye ule mkavu unaodidimia. Ageuke atazame nyayo zake. Vijana hulipenda zoezi hili, na mimi hulihimiza kwa sababu hiyo hiyo.

Dakika 15 kila siku zafaa kuliko saa nzima Jumapili.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Kisauni:* Je, ni mkoba wa shule uliompinda mwanangu?

Hapana mamangu, usijilaumu. Mkoba mzito huchosha na kuumiza mgongo, lakini hauleti skoliosi hii. Mpunguzie mzigo kwa ajili ya maumivu tu.

*Shangazi, Changamwe:* Ameandikiwa bresi, lile vazi gumu la kushikilia mgongo, na joto hili la kwetu anaivua kutwa. Mazoezi hayatoshi?

Hayachukui nafasi yake. Bresi huandikiwa zaidi anayeendelea kukua, mpindo ukiwa kama nyuzi 25 hadi 40. Katika utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2013, waliovaa kama saa 13 au zaidi kwa siku, zaidi ya 90 kati ya 100 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50. Mvalishe fulana nyembamba ya pamba ndani na umbadilishie ikilowa jasho. Usiku kukiwa na upepo asiivue. Ikimchubua, rudini kwa aliyeitengeneza.

*Bibi, Mji wa Kale:* Mimi humkanda kwa mafuta ya nazi. Niendelee?

Endelea bibi, misuli italegea naye atalala vizuri. Ila usiukandamize mfupa ukitaka urudi mahali pake.

*Kijana, miaka 15:* Naweza kucheza mpira?

Cheza, na uogelee pia. Kama umefanyiwa upasuaji, subiri ruhusa ya daktari wako.

*Baba, Likoni:* Wangu hujikwaa ovyo siku hizi, na mguu wa kushoto hufa ganzi.

Ndugu yangu, simamisha mazoezi yote. Ganzi, udhaifu wa mguu, kushindwa kuzuia mkojo au maumivu yanayomwamsha usiku huenda vinatoka kwenye neva. Vuka feri leo hii umpeleke kwa daktari, na umweleze ganzi ilianza lini.