Wikendi ya skii mkiwa wawili: mambo ya kuzingatia kabla goti halijaumia

Wapo wenzetu wanaoishi Munich, Zürich au Innsbruck walioijua skii, mchezo wa kuteleza thelujini kwa mbao ndefu miguuni, ukubwani. Mmoja alialikwa na wafanyakazi wenzake, mwenzi wake akafuata, na sasa Jumamosi za Januari safari ni milima ya Tirol, Austria. Ni raha ya kweli kwa wawili, na naomba iendelee. Lakini yako mambo ya kuyamaliza nyumbani kabla ya kupakia gari, kwa sababu mmoja akiumia, wikendi za wote wawili zinabadilika.

La kwanza ni kifungio kinachoshika kiatu kwenye skii. Fundi hukikaza kwa kuangalia uzito, urefu, umri, ukubwa wa soli ya kiatu na uwezo wa mtelezaji, kusudi kiachie mguu kabla mfupa au goti halijapindwa. Anayekodi skii na kujisifu kuwa ni mzoefu hukaziwa zaidi, na siku ya kuanguka kifungio kinaweza kugoma kuachia. Semeni ukweli dukani, pamoja na kilo zenu. Na msibadilishane skii huko juu hata kama viatu vinaingia, kwani skii za mume zimepimwa kwa mwili wa mume.

Hata kifungio kilichopimwa vizuri hakiokoi kila goti. Ligamenti ya mbele ya goti, kano inayoshikanisha mifupa, ile ambayo mashabiki wa mpira wanaijua kwa jina la ACL, mara nyingi huchanika mtu anapoangukia nyuma, makalio yakiwa chini ya magoti, huku mkia wa skii ukiukamata mguu na kuupinda. Ukishaona unaanguka hivyo, usipambane kusimama ukiwa bado unateleza. Kubali kuanguka, subiri uache kabisa kuteleza, ndipo uinuke. Mazoezi ya mapaja yaanze wiki kadhaa kabla ya msimu, na miguu ikichoka alasiri, shukeni kwa gondola, kile kibanda cha kamba. Hakuna aibu. Mwenye uwezo mkubwa pia asimburute mwenzake kwenye mteremko mwekundu, ulio mgumu zaidi, wakati bado anajifunza ule wa bluu, ulio rahisi. Kila mmoja ateleze kivyake kwa saa mbili au tatu, mkutane mgahawani kwa miadi.

Fedha nazo zizungumzwe mapema. Kadi ya afya ya Ulaya hailipi uokoaji wa mlimani, na helikopta moja inaweza kuleta ankara ya maelfu ya euro. Tafuteni bima inayotaja waziwazi uokoaji na kurudishwa nyumbani. Uanachama wa chama cha milima cha Ujerumani, DAV, una bima ya uokoaji ndani yake. Mkivuka kwenda Italia, tangu 2022 kila mtelezaji lazima awe na bima ya madhara anayoweza kumsababishia mwingine.

Katika simu zenu wekeni 140 kwa uokoaji wa milima Austria, 1414 kwa helikopta za uokoaji za Rega Uswisi, na 112 popote Ulaya. Simu ikae mfuko wa ndani, maana baridi humaliza betri. Mwenzako akianguka, chomeka skii mbili kwa umbo la msalaba upande wa juu yake ili wanaoshuka wawaone, soma namba iliyo kwenye nguzo ya pembeni mwa mteremko, kisha piga simu. Usimvue kiatu.

Halafu kuna swali ambalo wengi hulisahau: nani ataendesha gari kurudi? Kama dereva ni mmoja tu, au bima ya gari inamtaja mmoja, lishughulikieni kabla hamjaondoka.

Goti likilia kama kitu kimekatika na kuvimba ndani ya saa chache, msisubiri Jumatatu. Eksirei huonyesha mfupa. Ligamenti huonekana kwa MRI, kipimo cha picha kwa sumaku. Si kila mtu hupasuliwa, lakini anayepasuliwa ajiandae kwa miezi tisa hadi mwaka kabla ya kurudi kwenye skii. Je, nyumba yenu iko ghorofa ya nne bila lifti? Nani atabeba maji na ununuzi wakati mwenzake anatembea kwa magongo? Mama aliyeko Tanga ataambiwa nini, na na nani? Akisikia neno "upasuaji" kutoka kwa jirani kabla ya kusikia kwenu, hatalala.

Gumu zaidi ni hili: yule mzima aende mlimani peke yake? Mimi nasema aende, ila si kila Jumamosi, na ruhusa hiyo itolewe sasa mkiwa wote wazima. Kuombwa ruhusa ukiwa umelala na barafu gotini kunauma. Wikendi zinazobaki zitafutieni jambo la wawili: baiskeli ya ndani daktari akiruhusu, bwawa la kuogelea bila mateke ya chura, au kupika kwa wageni ambao msimu mzima mmekuwa mkiwaambia hampo.