Kumwandaa mteja wa Dodoma kwa safari ya mashua ya tanga na kutazama matumbawe majini: hatua ninazofuata

Kundi langu la kwanza lilikuwa la watu 14, wengi wao walimu. Mwaka 2022 tulipanda basi hadi Dar es Salaam, tukavuka kwenda Unguja, tukakodi mashua ya kwenda kwenye matumbawe. Jioni nikamuuliza kila mmoja, "Vipi safari?" Wote wakajibu, "Nzuri sana, dada." Nikaandika hivyo kwenye daftari, nikalala na amani.

Miezi miwili baadaye, kwenye harusi moja mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, mama mmoja wa kundi lile akanivuta pembeni. Akaniambia alitapika tangu tulipong'oa nanga mpaka tuliporudi, na kwamba muda wote alijifunika uso kwa kanga ili nisimwone. Kati ya watu 14, waliogusa maji walikuwa watatu. Hilo nililiona kwa macho yangu, ila nilidhani wengine hawakupenda kulowa.

Sisi tumelelewa kutomvunja moyo mtu aliyehangaika kwa ajili yetu. Ukiuliza "imekuwaje", utajibiwa "nzuri". Tangu siku ile nimebadilisha namna ya kuuliza, na karibu kila hatua iliyo hapa chini imetokana na majibu niliyopata baada ya hapo. Nakuandikia wewe unayeongoza kikoba, kwaya, ofisi au ukoo kutoka Dodoma kwenda baharini, hasa kama wengi wao hawajawahi kuonja maji ya chumvi.

Hatua ya 1: Ongea na kila mtu peke yake, wiki mbili kabla

Usiulize kwenye kundi la WhatsApp. Huko kila mtu ni jasiri. Mpigie simu au mkae mahali pa utulivu, umuulize mambo matatu.

La kwanza: umewahi kuingia kwenye maji yanayopita kifua? La pili: ukipita kona za mlima Nyang'oro kwenda Iringa, tumbo linakusumbua? Anayesumbuliwa na kona zile atasumbuliwa na mawimbi, sijaona ikawa vinginevyo. La tatu: kuna kitu kinachokutia hofu? Hapo nyamaza usikilize. Mzee mmoja aliniambia alipoteza ndugu katika MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria Mei 1996, na tangu hapo hajapanda chombo chochote cha majini. Mtu kama huyo haambiwi "usiogope". Nilimwambia anaweza kuja akabaki kisiwani na wajukuu, na kama akibadili mawazo nitakuwa naye. Alikuja.

Katika mazungumzo hayo hayo uliza pia kuhusu pumu, moyo, presha, kifafa na ujauzito. Mwenye mojawapo aonane na daktari kwanza.

Hatua ya 2: Tazama mwezi kabla ya kupanga tarehe

Hili ndilo kosa lililoiua safari yangu ya kwanza, na mtu wa bara halioni kwa sababu kwetu maji ya bwawa hukaa palepale. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani huita bamvua. Katika siku za bamvua, kwenye pwani ya Unguja maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, saa ile ile ambayo wewe umewaandaa watu wako wapande. Mashua inakuwa imelala juu ya mchanga. Mnasubiri juani, na maji yakianza kurudi yanakuja na mkondo unaomvuta hata anayejua kuogelea.

Kwa wanaoanza nachagua maji mafu, yaani siku za mwezi nusu: tarehe 7 hadi 9 hivi za mwezi mwandamo, au 21 hadi 23. Mkondo unapungua nguvu, na maji yanakuwa yamejaa karibu na saa nne hiyo hiyo ya asubuhi. Kalenda ya Kiislamu ukutani inatosha kukupa makisio, au toka nje usiku uangalie juu. Anga la Dodoma ni safi miezi mingi ya mwaka. Kisha mpigie nahodha athibitishe saa.

Kuhusu majira: epuka masika, Machi mwishoni hadi Mei, maana mvua huchafua maji na usione kitu. Juni hadi Septemba ni kusi, upepo una nguvu na kivuko kati ya Dar es Salaam na Unguja kinaweza kurusha watu. Kaskazi ya Desemba hadi Februari ina joto na upepo wake huchafua zaidi upande wa kaskazini mashariki. Chaguo langu ni Oktoba na Novemba mwanzoni, kabla vuli haijakolea.

Hatua ya 3: Chagua bahari inayolingana na watu

Kama kundi lina watoto au wazee wengi, usivuke kwenda Unguja. Mbudya, upande wa Kunduchi, ni mwendo mfupi wa boti, hifadhi ya bahari yenye ufukwe, kivuli na samaki wa kuchoma. Bongoyo, mnaotoka Msasani, ni hivyo hivyo.

Kwa wanaotaka siku nzima chini ya tanga, nawapeleka Fumba, kusini magharibi mwa Unguja. Ghuba ya Menai imekingwa na visiwa, kuna fungu la mchanga linalochomoza maji yakipwa, kuna mikoko, na chakula cha mchana huliwa kisiwani Kwale. Pomboo wanaweza kuonekana, lakini usimwahidi mteja mnyama. Ahidi bahari tu.

Mnemba, kaskazini mashariki, ina matumbawe na samaki wa kukufanya usahau njaa. Ila maji ni ya wazi zaidi, mkondo upo, na asubuhi boti husongamana. Waambie mapema kwamba kisiwa chenyewe ni cha binafsi na hamtashuka. Niliwahi kubeba lawama ya watu waliokuja na mikeka. Mnemba iwekee safari ya pili.

Hatua ya 4: Mazoezi ya beseni

Hiki ndicho kitu nilichokiona kikibadilisha safari kuliko vyote. Kile ambacho vijana wa ufukweni wanakiita snokeli ni miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia, na kulala kifudifudi juu ya maji. Kinachowashinda watu wetu mara nyingi ni kupumua kwa mdomo huku uso uko majini. Kuogelea kunafuata baadaye. Mwili unakataa, na ukikataa ukiwa baharini mtu anashika ngazi na harudi tena.

Kwa hiyo unafanya hivi, nyumbani, Area C au Chamwino au popote ulipo:

Jaza beseni kubwa maji. Weka miwani usoni bila kuvuta mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, uachie mkono. Ikibaki imeganda, inakufaa. Ikidondoka, jaribu nyingine. Nywele au rasta zikiingia chini ya mpira, maji yataingia. Mwenye sharubu nene apake mafuta ya mgando kidogo juu ya mdomo, au azipunguze.

Uma kile kipande cha mpira cha mrija taratibu, kama unavyoshika mswaki kwa meno, na midomo ikizunguke. Inamisha uso kwenye beseni. Pumua polepole, utoe pumzi ndefu kuliko unayoingiza. Sekunde ishirini, kisha dakika, kisha dakika mbili. Rudia siku tano. Siku ya mwisho mwenzako amwage maji kidogo kwenye mrija kwa juu, nawe uyafukuze kwa pumzi moja ya nguvu, kama unavyopuliza mkaa uwake.

Anayeweza, alipie saa moja kwenye bwawa la kuogelea la hoteli mojawapo hapa mjini na mtu anayejua. Na umwambie habari njema: baharini ataelea kwa urahisi zaidi kuliko bwawani, kwa sababu kila lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi.

Hatua ya 5: Mavazi

Dera, baibui na kanga vibaki kwenye chombo, maana vikilowa vinazunguka miguu na kuvuta chini. Dada anayejisitiri avae suruali ya kubana ya mazoezi, fulana ya mikono mirefu na kofia ya kuogelea au mtandio uliofungwa nyuma barabara. Kwa kweli nawashauri wote, wanaume pia, wavae mikono mirefu. Mgongo ukiwa juu ya maji saa nzima unaungua, ngozi nyeusi nayo inaungua. Waje na viatu vya mpira vinavyofungika, kwa ajili ya miamba na wale wanyama weusi wa miiba mirefu walioko kwenye maji mafupi.

Hatua ya 6: Njiani

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, watu wanafika Dar es Salaam wakiwa hawajachoka. Hata hivyo laleni. Usiunganishe treni, kivuko na mashua siku moja. Kila mtu abebe kitambulisho. Asubuhi ya safari kula ndizi, mkate mkavu au uji mwepesi. Chai ya maziwa na chapati za mafuta ziachwe. Waliosema Nyang'oro inawasumbua wamuulize mfamasia dawa ya kichefuchefu cha safari mkiwa bado Dodoma, na waimeze mapema kama alivyoelekeza.

Hatua ya 7: Kabla ya kung'oa nanga

Hapa usione haya kuuliza. Dar es Salaam uliza cheti cha chombo kutoka TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, Zanzibar uliza cha mamlaka ya usafiri baharini ya huko. Hesabu jaketi okozi kwa mkono wako, na zile za watoto peke yake. Hakikisha kila jaketi linafunga.

Halafu iangalie ngazi. Niliwahi kukodi chombo kizuri sana kwa sura, ngazi yake ikiwa kamba yenye vipande viwili vya mbao. Mama zetu wawili walishindwa kupanda kutoka majini, wakavutwa kwa mikono mbele ya wanaume wageni. Hawakuumia, ila najua ndicho walichokumbuka siku ile. Sasa nataka ngazi ngumu yenye hatua zinazozama majini, la sivyo natafuta chombo kingine.

Wenye kichefuchefu wakae katikati au karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, mbali na moshi wa injini, macho kwenye upeo wa bahari. Waambie wote kwamba aghalabu mtaenda kwa mashine na kurudi kwa tanga, kwa sababu wengi huja wakitegemea tanga toka asubuhi. Nahodha anapogeuza foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, watu wakae chini na vichwa viinamishwe. Injini ikizimwa na tanga likashika upepo, acha kuongea. Nimeona watu wazima wakitokwa na machozi dakika ile.

Hatua ya 8: Dakika kumi za kwanza majini

Wawili wawili, si kundi zima. Jaketi limevaliwa, miwani imepakwa mate kwa ndani na kusuuzwa ili isifanye ukungu. Mtu ashuke ngazi, ashike boya au mkono wa baharia, alaze uso, apumue kama kwenye beseni. Asisogee popote mpaka pumzi itulie. Akitaka kutoka, anatoka, na hakuna anayemcheka. Hakuna kusimama juu ya matumbawe: ni viumbe hai, yanavunjika na yanakata.

Hatua ya 9: Uliza upya

Siku hiyo hiyo siulizi kitu. Nasubiri siku tatu, mtu akiwa amerudi kazini, kisha napiga simu. Siulizi kama alifurahi. Nauliza: "Ni saa ngapi ulitamani kurudi?" na "Nani alikaa kimya?" Swali la pili ndilo linalonipa mengi, kwa sababu mtu asiyejisemea atamsemea mwenzake. Kwenye daftari langu la Oktoba mwaka jana kuna jibu la yule mzee wa MV Bukoba. Alisema alitamani kurudi saa tatu na nusu, tulipokuwa bado tunapanda, na kwamba saa sita alimwomba baharia amshushe maji yamfike kiunoni. Mjukuu wake ndiye aliyemshika mkono.