Mshipa umeziba, waya wa betri ya moyo upite wapi?

Jamani wa Mtwara na Lindi, kama unampeleka bibi JKCI Dar (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete) akawekewe betri ya moyo (pacemaker, kifaa cha kusaidia moyo upige sawasawa) na aliwahi kusafishwa figo kwa mpira wa shingoni, mwambie daktari mapema, hilo ndo kubwa kuliko yote, maana ule mpira unaacha kovu na mshipa wa chini ya mtulinga, ambamo waya wa betri hupita kwenda moyoni, unaweza kuziba. Wakipima wanaweka kanula (kimpira kidogo cha kwenye mshipa) mkono wa upande uleule itakapowekwa betri, wanasukuma dawa ya rangi, eksirei inaonyesha inapokwama (figo mbovu? wakumbushe, dawa hiyo inazichosha). Pakiwa pamebana tu wanapitisha waya mwembamba halafu puto la kutanulia, pakigoma wanahamia upande wa pili, au betri ndogo isiyo na waya inayopitia kinena. Mkono wenye fistula (mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya kusafishia figo) usichomwe sindano, isipokuwa ya kusafishia figo tu!