Uwezekano wenyewe badala ya p, ndani ya Excel

Mbegu zilizopandwa kavu zimeota 12 kati ya 40, zilizolowekwa 19 kati ya 40. Kipimo cha kawaida kinatoa p ya 0.11 (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivi au zaidi kama kuloweka hakubadilishi kitu) na wengi huishia hapo. Jaza safu moja =BETA.INV(RAND(),13,29) na ya pili =BETA.INV(RAND(),20,22), yaani zilizoota ongeza 1, zisizoota ongeza 1. Buruta mpaka mstari wa 10,000, hesabu mara ambazo ya pili imezidi. Utapata kama 95 kwa kila 100: huo ndio uwezekano kwamba kuloweka kunaongeza uotaji, na hilo ndilo mkulima anauliza! Kila mstari ni jozi ya viwango vya uotaji vinavyowezekana kutokana na data. Mbegu zikiwa chache mno, zile 1 za kuongeza zinabeba matokeo. Na kundi zima likikaa trei moja, usiiamini hiyo 95: trei ikishika ukungu, zote 40 zinaathirika pamoja.