Hedifoni za kuchomeka sikioni: namna ya kuzivaa kutwa bila maumivu

Kazi yangu hapa Moshi ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika, hivyo hedifoni hukaa masikioni asubuhi hadi jioni. Juzi mdogo wangu wa Sakina, Arusha, ambaye ameanza kazi hii, alinipigia simu akitaka kununua nyingine za bei kubwa kwa sababu masikio yanamuuma. Nikamwambia aache kwanza hela yake, tuanze na vile vimpira vya mbele.

Hatua ya 1: Safisha. Chomoa vimpira, vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, vikauke kabisa. Vya sponji usiviloweke, vifute tu.

Hatua ya 2: Tafuta saizi. Hapa usiwe na haraka. Pima kila sikio peke yake, maana matundu mawili ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana. Kulia saizi ndogo, kushoto ya kati, ni sawa kabisa. Kimpira kidogo mno hakizibi, besi inapotea, nawe unaongeza sauti na kukisukuma ndani zaidi, kule ambako ngozi ni nyembamba na mfupa uko karibu. Kikubwa mno kinakandamiza kuta za tundu, na maumivu yake huchelewa, kwa hiyo kujaribu dakika mbili dukani hakutoshi. Kivae nyumbani, kisha tafuna kama unayekula: taya ikicheza, tundu nalo hubadilika umbo. Kikichomachoma sehemu moja, shuka saizi.

Kwa kazi ndefu mimi nachagua sponji, tena bila kusita. Inafuata umbo la sikio, haikandamizi sehemu moja. Ifinye kwa vidole iwe nyembamba, mkono mwingine uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia kama nusu dakika mpaka ivimbe. Julai, baridi ikikaza, sponji huwa ngumu. Ipashe kwanza kiganjani. Ikiacha kuvimba vizuri, tupa. Na kabla ya kununua linganisha tundu la sponji na shingo ya hedifoni yako, yaani kile kijibomba kinachovishwa kimpira: likiwa pana, sponji itachomoka ibaki sikioni. Ikibaki ndani kusikofikika, usiichokonoe, nenda hospitali wakaitoe.

Hatua ya 3: Waya upite juu ya sikio, ushukie nyuma, ubanwe kwenye kola. Uzito wake hautavuta tena. Hedifoni za waya nazipenda kuliko za Bluetooth, kwa kuwa hazibebi betri sikioni.

Hatua ya 4: Punguza sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, saa zinabaki 4 tu. Vimpira vikiziba vizuri, hata ndani ya daladala ya Arusha huna haja ya kupandisha sana. Ila barabarani kwa miguu zivue, usikie pikipiki zinazokuja.

Hatua ya 5: Kila saa vua, masikio yapate hewa. Zungusha taratibu kwanza hewa iingie. Ukichomoa ghafla, mvuto wake unaumiza ngoma ya sikio. Nta usiifuate kwa vijiti vya pamba, vinaisukuma ndani. Sikio likiwasha mfululizo au kutoa usaha, acha hedifoni kabisa mpaka daktari alione.