SOMO: Kuchagua sandwichi ya karata ya kujifunza, na jinsi ya kuicheza

Naulizwa jambo hili kila mara, na kila mara naanza kuandika upya. Leo naliweka hapa lote. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Sandwichi ni kiinimacho ambacho karata aliyochagua mtazamaji hupotea ndani ya pakiti, kisha inapatikana imebanwa kati ya karata mbili zinazotazama juu. Njia ni chungu nzima. Wengi huchagua iliyowapendeza kwenye video, kumbe ile inataka meza na watazamaji walioketi mbele tu. Wewe Kisumu unachezea wapi? Ukiwa Dunga umesimama, upepo wa ziwa unavuma, na watu wamekuzunguka hadi mgongoni.

Kwa hivyo jiulize: inafanyika mikononi bila meza? Aliye ubavuni ataona nini? Nikimaliza, naweza kumfanyia mtu mwingine papo hapo? Ikikwama kwenye swali moja, iweke kando kwa sasa. Kwa mwanafunzi napendekeza hii ya malkia wawili, kwa sababu inapita yote matatu.

1. Toa malkia wekundu wawili, wa kopa na wa uru. Mpe mtazamaji awashike.

2. Achague karata, aionyeshe wenzake.

3. Airudishe katikati ya pakiti. Funika kwa nusu ya juu, lakini acha ncha ya kidole kidogo cha kushoto katikati ya nusu hizo. Kata hapo: za juu ziende chini. Karata yake sasa iko juu kabisa.

4. Hapa ndipo wanafunzi huanguka, someni polepole. Unatakiwa kuinua kidogo karata hiyo ya juu na kuingiza ncha ya kidole kidogo chini yake. Fanya hivyo KABLA malkia hawajarudi. Mwambie, "Nipe malkia mmoja," na macho yote yataenda mkononi mwake. Wakati huohuo gumba la kushoto linasukuma karata kwa upana wa punje ya mchele, unairudisha, na kidole kimeshaingia. Ukingoja malkia wakae juu ya pakiti ndipo utafute mwanya, utakuwa unapapasa huku watu wanakutazama vidole. Onyo la pili: mwanya uwe mdogo. Ukiweza kuuona wewe, aliye kushoto kwako ameuona kitambo. Onyo la tatu: usitazame mikono yako. Mtazame mtu usoni.

5. Pokea na malkia wa pili, uwaweke wote wawili juu ya pakiti, nyuso juu, wa kopa awe juu. Kwa mkono wa kulia shika kutoka juu, gumba ncha ya karibu, vidole ncha ya mbali, uinue zote tatu kama mbili. Gumba la kushoto livute malkia wa juu abaki juu ya pakiti: "Huyu wa kopa." Onyesha anayebaki: "Na huyu wa uru." Halafu mchukue wa kopa kwa chini. Karata ya mtu imeshakaa katikati. Usiseme "hizi ni mbili tu", hakuna aliyekuuliza.

6. Rudisha fungu juu, kata pakiti, zungumza kidogo. Kisha tandaza. Karata ya katikati aigeuze mwenyewe.

Maneno ya kusema yako tayari. Kwetu kila aliyecheza mchezo wa kadi anajua Q, yaani malkia, ni swali na swali lazima lijibiwe. "Malkia wawili wameuliza, jibu liko wapi?" Watu hucheka kabla hujatandaza, na kicheko hicho ndicho kinachofunika mkono wako.

MASWALI

Mtoto wa Kondele: Mkuu, malkia wanawekwa saa ngapi?

– Hatua ya 5. Soma tena.

Boss wa Bondeni, Nakuru: Naweza kuicheza steji ya matatu, watu waweke mia mia?

– Hapana. Ukitoa karata na pesa steji, watu wanaona pata potea, ule utapeli wa kubahatisha karata kwa pesa, na aliyewahi kuliwa pesa hapo hatakuchekea. Pesa ikiingia, hicho si kiinimacho tena. Usiniulize tena kuhusu pesa.

Boss wa Bondeni: Nilikuwa nauliza tu.

– Nami nimejibu tu.

Dada wa Milimani: Mwalimu, samahani, nikimruhusu mtazamaji akate mwenyewe, halafu akate katikati ya malkia?

– Swali zuri sana, dada. Mruhusu, inapendeza zaidi. Kukata mara moja, bila kuchanganya, hakuvurugi mfuatano. Ni kama karata zimezunguka duara. Akitenganisha malkia, mmoja atakuwa juu au karibu na juu, mwingine upande wa chini. Mwambie akate tena na watatu hao wanakutana palepale. Ukiona malkia anatazama juu kileleni, usishtuke, sema "mara moja tena." Jaribu nyumbani kwa makusudi, uone.

Dada wa Milimani: Nimejaribu, kweli! Na ile Collectors?

– Ya Roy Walton, bingwa wa karata aliyeishi Glasgow, Scotland. Pale karata tatu zilizochaguliwa zinanaswa kati ya nne. Ni kazi nzuri mno, ila kwanza mikono izoee kushika tatu kama mbili. Ukifika huko, jifunze pia hesabu ya Alex Elmsley: unahesabu karata nne, moja haionekani kabisa. Yeye aliiita hesabu ya mzimu. Niandikie, nitakuelekeza.

Njoro Kwetu: Zangu za plastiki zinateleza, tatu hazikai pamoja.

– Tafuta za karatasi. Za plastiki zinafaa kuchezea kadi baa, si hapa.

Mama Karata: Kisumu joto, mikono inalowa. Mimi hubeba kitambaa cha pamba, nafuta kabla ya kutoa pakiti. Poda inaziharibu, zinaganda.

– Asante, mama. Na za zamani usizitupe, ni za kufanyia mazoezi ya hatua ya 4.