Habari yenu ikiondolewa kwenye gazeti la ukutani

Gazeti la shule hutetewa kabla toleo la kwanza halijabandikwa. Mwanzoni mwa muhula, wahariri na mwalimu mlezi waandike mwongozo wa ukurasa mmoja: nani anasoma rasimu, kwa siku ngapi (2 za masomo zinatosha), sababu zipi zinaruhusu kuondoa habari, na rufaa inapelekwa kwa nani. Mkuu wa shule naye atie sahihi. Bila karatasi hiyo habari huondolewa kwa neno moja tu, "haifai", nanyi hamna pa kushika.

Msingi wa kisheria ni Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania, inayolinda uhuru wa maoni, pamoja na kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya 2009, kinachompa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Someni pia Ibara ya 30, maana mipaka ya uhuru huo iko humo. Kesi za Marekani mnazozikuta mtandaoni hazina nguvu hapa. Tena ile ya Hazelwood ya 1988 iliwaongezea wakuu wa shule mamlaka juu ya magazeti ya wanafunzi.

Kinachoponza habari nyingi ni uandishi wenyewe. "Bwenini hakuna maji, uongozi haujali" ni tuhuma, na mlezi ana haki ya kuihoji. Andikeni hivi: "Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, bomba la bweni lilitoa maji siku 2." Hesabuni wenyewe, pateni mashahidi 2, kisha mpeni mhusika siku moja ajibu, na jibu lake liingie kwenye habari. Kwa viboko, ulizeni kitabu cha adhabu: kanuni zinataka kila adhabu iandikwe, na visizidi 4. Jina la mwanafunzi aliyeumizwa msilitaje kamwe.

Habari ikiondolewa, ombeni sababu kwa maandishi siku hiyohiyo. Kama tatizo ni sentensi moja, irekebisheni mrudishe rasimu. Kama ni mada nzima, mwandikieni mkuu wa shule, kisha bodi ya shule, halafu afisa elimu sekondari wa halmashauri, mkiambatanisha rasimu, mwongozo na tarehe. Pigeni picha ubao kila mnapobandika. Upepo wa Dodoma hung'oa karatasi, na bila picha hamtakuwa na ushahidi kwamba habari iliwahi kubandikwa.

Msiibandike usiku kwa siri wala kuirusha WhatsApp. Mkifanya hivyo, kikao kitajadili nidhamu yenu, na maji ya bweni hayatatajwa tena.